Njia ya Kwenda Kwenye Maji ya Kasi

Nimerudi. Kwanza mnipe pole, halafu ndipo mniulize. Tangu nishuke kwenye lori pale Mbagala kila mmoja wenu ananishika mkono na kutaka nisimulie tangu mwanzo, nami sauti imekwisha. Kwa hiyo nimekaa barazani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, naandika mara moja kwa wote. Akimaliza mmoja ampe mwenzake, na karatasi zangu zirudi bila mafuta ya maandazi.

Wenyeji wa kundi letu la kupiga kasia mnajua nilikokuwa nakwenda. Kwa wageni: nilikwenda kwa mjomba wangu Rashidi, kijiji cha Mkwajuni, kando ya mto Mbwemkuru, kati ya Kilwa na Lindi. Pale mto hupita katikati ya mawe makubwa na kushuka ngazi baada ya ngazi, na masika yakiwa mazuri hakuna mahali Kusini nzima panaponifurahisha na kayaki, mtumbwi wangu mwembamba wa mtu mmoja, kama pale. Sisi tunakwenda kucheza. Wanawake wa Mkwajuni wanakwenda kuteka maji, kwa sababu moja tu: mamba hapendi maji ya kasi. Makao yake ni chini zaidi, bwawani, ambako mto umelala.

Sasa shamba la mkonge la zamani, lililokaa miaka na miaka limeota vichaka, limepata mwekezaji. Siku hizi kila kitu ruksa, isipokuwa kupita. Mwekezaji akajenga uzio, na uzio ukaikata njia ya mtoni, na kwenye njia likawekwa lango, na kwenye lango mlinzi. Wanawake wakaanza kuteka bwawani. Kabla masika hayajaanza, mamba alimchukua Bi Somoe, jirani wa mjomba, mama wa watoto wanne, akiwa ameinama na ndoo.

Mjomba alinitumia salamu kwa mdomo wa dereva wa lori. Bwana ardhi wa wilaya amekubali kuja kuitazama njia. Wenye shamba wanadai kwamba mto pale ni mawe matupu, hauna kazi kwa mtu yeyote, na njia imekufa. "Mwambie Hawa aje na ule mtumbwi wake," ndivyo alivyosema mjomba. "Ateremke yale mawe mbele ya macho ya serikali, tuone kama watasema tena hayana kazi."

Basi nikafunga kibanda changu cha mitumba, nikamwachia mwenzangu marobota, nikaenda. Hizo shughuli za kutafuta lori na kupatana na dereva nawaruka, hazina utamu.

Dar hadi Ndundu

Kosa lilianzia kwenye shuka. Nilitaka kuikinga kayaki na jua na matawi ya njiani, na pia na makalio ya abiria, maana mnajua lori halina kitu ambacho hakikaliwi. Nikaiviringisha kwenye mkeka, juu ya mkeka nikafunga shuka jeupe la mitumba, zuri, halina hata doa. Shomari, dereva, akaipandisha juu ya magunia ya saruji, akaifunga kamba, nami nikakaa huko huko juu, kando ya kayaki, na mtandio wangu kichwani. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Tulipopita Mkuranga niliona wanaume waliokuwa wanacheza bao wanasimama. Nikageuka nyuma nitazame wanasimama kwa ajili ya nani. Mbele kidogo muuza machungwa akavua kofia. Mahali pengine watu wakaacha kucheka tulipotokea, wakaanza tena tulipopita. Ilinichukua mpaka Kibiti kuelewa kwamba nchi nzima inadhani nasindikiza maiti.

Pale Ndundu, kwenye pantoni ya kuvukia Rufiji, foleni ilikuwa imefika vichakani. Malori, mabasi, gari moja la samaki lililokuwa limeshaanza kunuka. Watu walikuwa wamepika, wamefua na kuanika, wengine wameshagombana na kupatana. Pantoni imeharibika, inatengenezwa, imetengenezwa, imeharibika tena. Mzee mmoja mwenye kanzu akaja kando ya lori letu.

"Pole, mwanangu," akasema.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani ametutoka?"

"Hajatoka mtu, mzee. Huu ni mtumbwi."

Akaniangalia kwa huruma ambayo sijapata kuangaliwa nayo hata siku ya talaka yangu. Kisha akamgeukia mwenzake, akasema kwa sauti ya chini ambayo niliisikia vizuri kabisa: "Msiba umemzidi, maskini. Na marehemu alikuwa mrefu, masikini ya Mungu." Wakainua mikono, wakasoma Fatiha.

Habari ikatembea kwenye foleni kwa kasi kuliko inzi wa lile gari la samaki. Pantoni ilipopona, watu wenyewe wakasogeza magari yao vichakani ili sisi tupite. Shomari akawasha injini, akapita kwa unyenyekevu mkubwa, ananyoosha mkono dirishani kushukuru.

Tulipovuka nikamwambia, "Shomari, unachuma dhambi."

"Mimi nimesema nini, dada Hawa? Wamesema wao."

"Ungewaambia."

"Wewe umewaambia. Wamekuamini?"

Nilikuwa nimechoka, na kusema kweli nilikuwa na furaha ya siri kwamba tumevuka.

Ndundu hadi Nangurukuru

Hapa ndipo njia ilipotukomesha. Ninyi mliofika Kusini wakati wa masika hamhitaji maelezo. Waliobaki wafikirie uji wa ulezi mpana kama barabara, na malori yamezama ndani yake mpaka vizingiti vya milango. Sisi tunaopenda mito tuna balaa hili: mvua ile ile inayojaza mto ndiyo inayofunga barabara. Ukitaka maji ya kasi lazima ule tope kwanza.

Tulinasa kabla ya Somanga. Tukachimba, tukakata matawi tukatandika, lori likatoka, likaenda mwendo wa kutupa jiwe, likanasa. Abiria wanaume walishusha saruji gunia kwa gunia ili kulipunguzia uzito. Nikawaambia washushe na kayaki yangu. Wakakataa katakata.

"Huyo hashuki, dada. Huyo ameshapumzika."

Wakabeba saruji mabegani kwenye mvua, wakaiacha kayaki, ambayo mtu mmoja angeishusha kwa mkono mmoja. Nikaanza kucheka, kicheko kikanishinda, na mwanamume mmoja akamwambia mwenzake anishike nisije nikaanguka.

Bwana ardhi alitarajiwa Alhamisi. Alhamisi yenyewe ilinikuta Somanga, nimekaa kwenye benchi la mama mmoja muuza samaki, matope yamekauka miguuni kama soksi. Nilikuwa nafikiria Mkwajuni: wamesimama langoni, wanangoja, serikali imefika, mimi sipo. Yule mama aliweka mbele yangu ugali wa muhogo, samaki wa kukaanga na bakuli la kisamvu cha nazi.

"Kula, mwanangu. Mfiwa hula kwa ajili ya waliobaki."

"Mama, mimi sijafiwa. Kile ni chombo changu, nakwenda nacho mtoni kucheza."

Aliacha kugeuza samaki. Akaja akakaa karibu yangu, akaniwekea mkono mgongoni. "Lia, mwanangu," akasema. "Usijizuie, utaugua."

Nikalia. Wallahi nililia, kwa uchovu, kwa Alhamisi iliyokuwa inapita, kwa Bi Somoe, ambaye safari yangu ya mwisho alinibebea kasia kutoka mtoni mpaka nyumbani na kunitania kwamba mwanamke mzima nacheza maji kama bata. Mama yule alinishikilia mpaka nikamaliza, halafu akanisogezea ndimu nikamulie samaki. Sikumweleza tena chochote. Kisamvu kilikuwa kitamu sana.

Nangurukuru hadi Mkwajuni

Nangurukuru Shomari alikata kwenda Kilwa Masoko na saruji yake, nami nikahamia gari la wachuuzi wa samaki wakavu waliokuwa wanarudi Kiswere. Wachuuzi hao hawakuuliza kitu. Walipokea kayaki kwa mikono mingi, wakailaza juu ya vikapu vitupu, wakapunguza sauti. Kuanzia Kiranjeranje niliacha kabisa kukanusha. Mtu akiniambia pole, najibu nimeshapoa.

Walinishusha kwenye njia panda ya Mkwajuni, mjomba akaja na vijana watatu wa umri wa kuoa kunipokea. Ni mtu mfupi, mkavu, ana ndevu nyeupe na meno yake yote.

"Shikamoo mjomba. Nimechelewa."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa, na serikali nayo imechelewa. Hajafika. Tope halijui cheo."

Nilitaka kukaa chini pale pale nicheke, lakini uso wake haukuwa na kicheko. Hawakujua kama bwana ardhi atakuja kesho, mwezi ujao au asije kabisa. Mvua zikikatika mto utapungua, na wenye shamba watakuwa na haki ya kuonyesha mawe makavu.

Nyumbani mkaza mjomba, Bi Fatu, alinikumbatia, kisha akanionyesha anavyoteka maji siku hizi. Ndoo ya rangi imefungwa kwenye ncha ya mti mrefu wa mwanzi. Anasimama mbali na ukingo wa bwawa, anairusha, anaivuta. Ndoo inarudi nusu, na nusu hiyo ni tope. "Mikono inauma, na moyo unauma zaidi," alisema. "Ukisikia kitu kimeruka majini, hata chura, unatupa mti unakimbia." Nilijaribu kuinua ule mwanzi na ndoo iliyojaa. Mimi mwenye mabega ya kupiga kasia sikuweza kuuinua mara mbili.

Langoni

Asubuhi mjomba akasema tusingoje. Twende langoni na kayaki, tumwombe mlinzi kiungwana. Akikataa atakuwa amekataa mbele ya watu, na hilo nalo lina maana yake. Nawaapia hatukupanga kitu kingine. Kulikuwa na manyunyu, kwa hiyo kayaki ilibaki ndani ya mkeka na shuka lake. Wanaume wanne wakaiweka begani kwa sababu ndivyo kitu kirefu kinavyobebwa. Wanawake tukafuata nyuma, mbali kidogo, tumejifunika khanga kwa ajili ya mvua, wengine na ndoo, iwapo Mungu atafungua.

Mlinzi alikuwa Festo, Mmakonde wa Newala, Mkristo, mtu wa miaka kama thelathini na tano hivi, amevaa sare iliyompwaya mabegani. Alituona tulipotokea kwenye mikorosho. Nilimwona anasimama. Akavua kofia, akaibana kwapani, akafanya ishara ya msalaba. Kisha akafungua kufuli, akalisukuma lango mpaka mwisho.

Mjomba alikuwa mbele kulia. Nilisubiri aseme. Hakusema. Akapita. Festo akamgusa begani yule kijana wa nyuma kushoto, kama watu wanavyopokezana jeneza, akaingiza bega lake chini ya kayaki yangu, akaenda nao.

Sisi wanawake tukasimama nje ya lango. Kwetu wanawake hawafuati jeneza mpaka kaburini, na ingawa kila mmoja wetu alijua kwamba ndani ya lile shuka hamna maiti, miguu ilisimama yenyewe. Nikaona upuuzi wa mambo: kayaki inakwenda mtoni, na mtu pekee mwenye kuijua amebaki nje ya lango kwa adabu.

Festo aligeuka akatuona. "Akina mama!" akaita, kwa upole, sauti ya mtu aliye kanisani. "Mbona mmebaki? Kwetu akina mama wanazika. Piteni, piteni, hakuna atakayewazuia."

Bi Fatu akaniangalia. Nami nikamwangalia. Tukapita.

Maji ya kasi

Njia ilikuwa imeanza kuota majani lakini ilijulikana wazi, imechimbika katikati kwa miguu ya miaka mingi. Tuliusikia mto kabla hatujauona. Wanaume walipofika kwenye jiwe pana wakashusha mzigo, mjomba akafungua kamba, akavuta shuka, akavuta mkeka, na kayaki yangu ikatokea, ya njano, na kile kibandiko cha samaki anayecheka ambacho mmoja wenu alikibandika na sijapata kumsamehe.

Festo alisimama akiitazama. Akaivaa kofia yake.

"Mzee," akamwambia mjomba, "nimemwombea huyu. Njia nzima nimemwombea apumzike kwa amani."

"Mimi sikusema neno, mwanangu," mjomba akajibu.

"Ndiyo. Hukusema neno." Sauti ikampanda. "Mtu mzima na ndevu zake! Mmenifanya nibebe plastiki kwa machozi! Mimi nimezika baba yangu mwaka jana, mzee. Nilikuwa namfikiria yeye."

Hakuna aliyecheka. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Mjomba naye aliinamisha kichwa, na ni mara ya kwanza kumwona akifanya hivyo mbele ya mtu mdogo kwake. "Unisamehe," akasema. "Nilikuwa nakuja kukuomba. Ulipofungua, ulimi ukakataa."

"Tokeni. Wote. Sasa hivi."

Lakini wanawake walikuwa wameshaingia majini. Walisimama mpaka magotini kwenye maji yanayokwenda mbio, wanazamisha ndoo nzima nzima, wanaosha nyuso, na mmoja alikuwa anakunywa kwa viganja huku anacheka peke yake. Bi Fatu alikuwa amekuja na ule mwanzi wake kwa mazoea. Festo akauona, akauliza ni wa nini. Bi Fatu akamweleza, akamtajia Bi Somoe. Aliongea bila kulalamika, kama anayeeleza namna ya kupika.

"Mimi niliambiwa mnakuja kuiba miti," Festo akasema.

"Utaiba mti kwa ndoo, baba?"

Festo akakaa kwenye jiwe, akatugeuzia mgongo. "Jazeni," akasema. "Jazeni upesi."

Nami nikaingia ndani ya kayaki. Nilijua sina nguvu. Mikono ilikuwa ya kuchimba tope, mgongo wa kulalia saruji. Lakini mnanijua. Nikafunga kiunoni ile sketi ya mpira inayozuia maji yasiingie chomboni, nikavaa kofia ngumu, nikajisukuma. Ngazi ya kwanza nilishuka vizuri, maji yananipiga kifuani. Ya pili ina lile jiwe la kushoto mnalolijua, nikalikwepa kwa upana wa kiganja. Ya tatu ikanila. Nilipinduka, nikawa kichwa chini kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, nasikia kokoto zinaviringika chini ya kichwa changu, na kwa mara ya kwanza tangu Dar sikusikia uchovu wowote. Nikatafuta uso wa maji kwa kasia, nikajirusha, nikatoka juu. Juu ya mawe watu walikuwa wanapiga vigelegele. Niliporudi kwa miguu, kayaki begani, Festo aliniuliza kama nilikuwa nimekufa pale chini au ni mchezo. Nikamwambia ni mchezo. Akatikisa kichwa, akasema kwamba siku ile ameona ya kutosha.

Tulipotoka alifunga kufuli nyuma yetu. Hatukumlaumu.

Siku ya bwana ardhi

Bwana ardhi alifika siku ya tatu, kwa baiskeli ya kukodi, suruali imekunjwa mpaka magotini. Gari lake lilikuwa limezama huko nyuma. Nilimpenda kwa ile suruali. Akaja na meneja wa shamba, kijana wa mjini mwenye viatu vya mpira na adabu nzuri, na kijiji kizima kikaja langoni.

Meneja alizungumza kwanza. Shamba limenunuliwa kihalali, njia ilikufa zamani wakati shamba lina vichaka, mto pale hautumiki. "Mlinzi wangu ndiye huyu, anakaa hapa usiku na mchana," akasema. "Muulize yeye. Hakuna mtu anayepita hapa."

Kweli, nani mwingine wa kuulizwa? Sisi tungesema yetu, wao wangesema yao. Bwana ardhi akamgeukia Festo.

"Ndugu, watu wanapita hapa?"

Festo alitazama buti zake. Mke wake na watoto wako Newala, alikuwa amemweleza mjomba hivyo, na kazi ile aliipata baada ya kuzunguka sana. Nilijua atakavyojibu, na moyoni nilikuwa nimeshamsamehe.

"Wanapita," akasema.

Meneja akageuka. "Festo?"

"Kila siku wanakuja, nawarudisha. Juzi walipita. Nilifungua mwenyewe, na mzigo wao nilibeba." Akajigusa begani. "Bega langu lilikuwa chini yake, bwana. Nitasemaje sikuona? Na mto wanautumia. Huyu dada ameingia mbele yangu, hawa mama wameteka mbele yangu. Njia ilikuwapo kabla ya lango. Ukiikanyaga utajua mwenyewe."

Bwana ardhi akaikanyaga. Alienda mpaka mawe, akanitaka niteremke, nikateremka tena na safari hii sikupinduka. Akaenda mpaka bwawani, akaomba ule mwanzi wa Bi Fatu, akajaribu kuuinua. Aliporudi langoni alisema njia ibaki wazi, upana wa watu wawili wenye mizigo kupishana, na shamba liweke uzio wake pande mbili za njia kama linautaka, mpaka wilaya itakaposema vingine. Meneja hakubishana. Lango likang'olewa siku ile ile, na wanaume wa Mkwajuni walisaidia kuling'oa kwa moyo mkunjufu kupita kiasi.

Jioni Festo alitakiwa arudishe sare.

Njia panda

Asubuhi niliyoondoka wanawake walikuwa wameshakwenda na kurudi mtoni, nyua zimemwagwa maji, watoto wameogeshwa wanang'aa. Bi Fatu alikuwa ameukata ule mwanzi vipande, amekokea moto wa chai. Nilikunywa vikombe viwili. Nilikuwa na furaha, nawaambia ukweli, furaha ya mtu aliyechoka ambayo haina kelele.

Njia panda nilimkuta Festo. Alikuwa amekaa juu ya godoro lililofungwa kamba, kando yake sanduku la bati. Mimi nilikuwa nangoja gari la kaskazini, yeye la kusini, ashuke Mingoyo atafute jingine la kupanda Newala. Mjomba alikuwa amemwambia abaki, atampa kipande cha shamba alime. Alimshukuru, akakataa. Alisema hawezi kumwambia mkewe ahame nyumba kufuata muhogo wa watu. Magotini alikuwa na kifurushi cha korosho alichopewa na wanawake, hajakifungua.

Nikakaa karibu yake. Kayaki ilikuwa kando, safari hii wazi, njano tupu, sikuifunika tena. Nilimshukuru. Nilisema maneno mengi, mengine nilikuwa nimeyapanga usiku: kwamba Mkwajuni haitamsahau, kwamba amewaokoa watu ambao hata hawajazaliwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka kama mimi, labda kunizidi.

"Nyie njia yenu mmeipata, dada," akasema. "Nimefurahi, sikufichi. Sasa mimi nipite wapi?"

Gari la kusini likatangulia kufika. Tukapandisha godoro, yeye akishika kule na mimi huku, kisha sanduku, kisha akapanda mwenyewe.